Soma Sheria au Kilimo, Lakini Chukua na Ualimu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, nyumba za Nyabiondo, Kashebere, Mubi na Masisi-kati hubishana jambo lilelile. Kijana amepata diploma. Baba anataka asome sheria, mama anasema uganga, mjomba aliye Goma anasema informatiki ndiyo kazi ya siku hizi. Ualimu hutajwa mwisho, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu ya ukoo. Miaka mitano baadaye unamkuta yule mwanasheria, au yule mchumi, au yule mhandisi wa kilimo, ameshika chaki katika darasa la humanite huko huko kwao. Anafundisha vipindi alivyopewa na prefe, yaani mkuu wa shule, anayemfahamu, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kufundisha.

Makala haya ni yake huyo kijana, pamoja na wazazi wake. Ukiwa mtoto wa Masisi au Walikale na unasoma shahada yoyote inayokaribiana na somo la sekondari, chukua na ualimu, na uuchukue ukiwa bado chuoni. Usingoje hadi umalize, ukae nyumbani miaka miwili ukisubiri kazi, ndipo uanze kutafuta pesa za kurudi darasani. Sisemi hivi kwa sababu ualimu ni wito, ingawa wapo ambao kwao ni wito kweli. Naangalia kazi zilizopo.

Tazama waajiri wa huku. Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote sita za Kivu ya Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu. Ukitoka Walikale-kati kwenda Pinga au Itebero, benki huikuti, ofisi ya wakili huikuti, kampuni ya uhasibu usiitafute. Masisi ina watu wengi zaidi na milima ya malisho, lakini kazi za ofisi ni chache vilevile. Mashirika ya misaada huajiri, ila mkataba wao unaisha pale fedha za mfadhili zinapoisha. Machimbo yapo: koltani ya Rubaya, kasiteriti ya Bisie. Yanalipa leo, kesho yanafungwa au yanabadilisha mwenye nguvu. Kitu kimoja ambacho karibu kila kijiji kikubwa kinacho ni shule: ya Wakatoliki, ya CBCA, ya 8e CEPAC, ya Waadventista, au ya Serikali. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, watoto waliojaa madarasa ya msingi wanapanda mwaka baada ya mwaka, na wakifika sekondari wanahitaji mtu wa kuwafundisha kemia, hesabu za biashara na Kifaransa. Hiyo ndiyo kazi inayokungoja, uwe unaitaka au huitaki. Basi afadhali uiendee na karatasi yake.

Njia za kuipata karatasi hiyo hazifanani, na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kupitia ISP, yaani chuo cha juu cha ualimu. ISP-Goma na ISP-Bukavu ndizo zinazofahamika zaidi kwetu. Hapo ualimu umo ndani ya masomo tangu mwaka wa kwanza: ukisoma Kifaransa, fizikia, historia au biashara, unasoma pamoja na saikolojia ya mtoto, pedagojia na namna ya kufundisha somo lako, na staji, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ni lazima. Huhitaji kuongeza kitu. Mfumo huu una umri wa nchi yenyewe. Chuo cha ualimu cha taifa kule Kinshasa, IPN, kilianza mwaka 1961, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Pedagojia, UPN. Kama una hakika tangu mwanzo kwamba utafundisha, ISP ndiyo njia fupi na ya gharama ndogo, na sioni sababu ya kuizungukia. Dharau ya watu wa mjini juu ya ISP haina msingi. Nimewaona walimu wa ISP wakiingia darasa la watoto sabini na kulishika kwa dakika mbili, mahali ambapo mwenye diploma ya chuo kikuu alikuwa bado anafuta jasho.

Ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi hapa: unasoma shahada nyingine chuo kikuu, kisha unaongeza agregasyo. Tuliirithi kwa Wabelgiji, na kazi yake ni kumpa mtu wa uchumi, sheria, kilimo au sayansi haki ya kufundisha sekondari ya juu kama mwalimu kamili. Kwa kawaida huendeshwa na fakilte ya saikolojia na sayansi za elimu. Kwa watu wa Kivu, kumbuka kwamba Kisangani ndiyo iliyopewa fani hizo vyuo vilipounganishwa kuwa UNAZA mwaka 1971, na Chuo Kikuu cha Kisangani bado kina jina katika jambo hili. Goma ina ULPGL, chuo cha Waprotestanti, chenye fakilte ya saikolojia na sayansi za elimu. Ukiwa unaishi upande wa Hombo au Itebero, usidhani lazima uende Goma: barabara ya taifa namba 3 inatoka Bukavu, inapita Hombo na Walikale, inaelekea Lubutu na Kisangani. Kwenye karatasi Bukavu iko karibu nawe. Kwenye tope ni habari nyingine, lakini pigia hesabu njia zote mbili kabla ya kuamua.

Ya tatu ni ya aliye mwalimu tayari. Ana D6, diploma ya Serikali ya pedagojia, anafundisha shule ya msingi, na sasa anataka sheria, maendeleo vijijini au uongozi. Huyu ualimu anao. Anachotafuta ni shahada nyingine. Ushauri wangu kwake ni tofauti na nitaurudia mbele.

Rudi kwa mtu wa agregasyo. Anasoma nini hasa? Pedagojia ya jumla, didaktiki ya jumla, didaktiki ya somo lake mwenyewe, saikolojia ya mtoto na ya kijana, sheria za shule, uongozi wa shule, maadili ya kazi. Juu ya hayo kuna staji na masomo anayofundisha mbele ya majaji. Kwa wingi wa kurasa, masomo haya ni mepesi kuliko ya sheria au ya kemia. Yanayochosha ni staji na ratiba. Ndiyo maana nasema anza ukiwa katika miaka ya mwisho ya shahada yako, pale fakilte inapokubali, wakati bado una chumba mjini, kadi ya mwanafunzi, maktaba na wenzako wa promosyo. Ukirudi Masisi na diploma moja, kila kitu hicho utakinunua upya, na mara nyingi hutakinunua.

Hapo kuna mtego wa mfumo mpya. Zamani tulikuwa na gradua miaka mitatu na lisansi miaka miwili juu yake, na mtu alikuwa na nafasi ya kuipachika agregasyo katika ile miwili ya mwisho. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilifungua mlango wa LMD, yaani mfumo wa lisansi, masta na doktora, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimeingia humo kwa jumla: lisansi ni miaka mitatu, krediti 180, kisha masta miaka miwili. Kwa hiyo mwenye lisansi ya zamani alikaa chuoni miaka mitano, na wa leo mitatu. Mwombaji wa agregasyo aulize waziwazi: mnanipokea nikiwa mwaka wa tatu wa lisansi ya LMD, au mpaka niwe masta? Chuo hiki kitajibu hivi, kile vile. Usikubali jibu la mdomo la mwanafunzi wa mwaka jana. Mwendee sekretari wa fakilte, na jibu likitoka kwa maandishi, weka nakala.

Wapo vijana wenye moto zaidi ambao hawataki agregasyo, wanataka shahada mbili kamili kwa wakati mmoja: asubuhi sheria chuo kikuu, jioni Kifaransa katika ISP. Nawaonea huruma. Hebu tupige hesabu. Mwaka mmoja wa LMD una krediti 60. Krediti moja huhesabiwa takribani saa 25 za kazi, ukijumlisha darasa, mazoezi na kusoma peke yako. Mwaka mmoja basi ni saa 1,500. Mbili ni 3,000. Zigawe kwa wiki 40 za masomo: saa 75 kila wiki, siku saba bila kupumzika Jumapili, bado hujachota maji, hujapika, hujatafuta pesa ya chumba. Anayekuambia anaweza, ama hasomi moja kati ya hizo mbili, ama kuna mtu anamfulia na kumpikia. Halafu kuna suala la kujiandikisha mahali pawili. Orodha za wanafunzi na matokeo huenda wizarani, na diploma huhakikiwa kabla ya kukubaliwa. Jina lako likionekana mahali pawili mwaka uleule bila idhini, wewe ndiye utakayeulizwa siku ya kuchukua diploma, si yule apariteri aliyepokea pesa zako. Usijifiche. Kama unataka shahada mbili kamili, maliza moja, kisha anza ya pili ukiomba masomo uliyokwisha kufaulu yahesabiwe.

Tatizo kubwa zaidi, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kuoanisha shahada na mahitaji ya shule. Agregasyo inakupa haki ya kufundisha somo lako. Haiwezi kuliumba somo hilo shuleni kama halipo. Kabla ya kuchagua fakilte, angalia opsyo zilizopo katika shule za kwenu. Vijijini Masisi utakuta pedagojia ya jumla kila mahali, biashara na usimamizi mara nyingi, na katika nchi ya ng'ombe kama hii ya Mushaki, Matanda na Bihambwe, kilimo na mifugo vina maana kubwa. Opsyo ya kemia na biolojia hutamaniwa na wazazi wote wanaoota daktari, ila shule nyingi zinaiogopa kwa kukosa walimu.

Kwa hiyo mhandisi wa kilimo mwenye agregasyo ni dhahabu. Anafundisha opsyo ya kilimo, na pale ambapo opsyo hiyo haipo, anabeba biolojia. Mchumi mwenye agregasyo anatafutwa vilevile, na kuna sababu ya karibuni: Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na uhasibu unaofundishwa leo si ule wa vitabu vya zamani. Walimu waliosoma mfumo wa awali bado wengi wao wanafundisha kwa kubahatisha. Wewe uliyetoka chuoni na mpango mpya wa mahesabu kichwani una kitu ambacho prefe hana mahali pengine pa kukipata. Mwanasheria nafasi yake ni nyembamba zaidi: somo la sheria katika opsyo ya biashara, elimu ya uraia, basi. Ni vipindi vichache kwa wiki, visivyotosha kumpa mtu nafasi kamili. Sisemi usisome sheria. Ila ukisoma sheria kwa kutegemea kufundisha, jua kwamba utahitaji shule mbili au tatu ili kujaza wiki, na katika Walikale shule mbili zinaweza kutenganishwa na nusu siku ya pikipiki. Mtu wa informatiki naye asiende bila kuuliza kama shule ina umeme. Kufundisha kompyuta kwa kuchora kibodi ubaoni kunafanyika, nimekuona, na kunasikitisha.

Sasa staji. Ukiniuliza ni sehemu gani ya agregasyo inayostahili jasho lako lote, nitakujibu hii. Chukua kipindi cha riba ya mkopo, darasa la tatu la biashara na usimamizi. Mchumi asiyefundishwa ualimu anaingia na daftari lake la chuo, anaandika kanuni ubaoni toka kona hadi kona, watoto wananakili, kengele inalia. Aliyefundishwa anaingia na fishi. Juu ameandika tarehe, darasa, somo, kichwa, vifaa, kitabu alichotumia, na lengo lililosemwa kwa kitendo kinachoweza kupimwa: baada ya dakika 50, kila mwanafunzi aweze kukokotoa bila msaada riba ya mkopo wa miezi sita. Chini yake kuna hatua: ukumbusho, motivasyo, kutangaza kichwa, uchambuzi, muhtasari, zoezi. Kwenye motivasyo hagusi kanuni kabisa. Anauliza: nyumbani kwa nani kuna mtu aliye katika AVEC? Mikono inainuka, maana vikundi vya kuweka na kukopa vimejaa vijijini. Mama wa mmoja alikopa franka elfu hamsini, akarudisha elfu hamsini na tano. Zile elfu tano ni za nini? Zingekuwa ngapi kama angekaa na pesa muda mara mbili? Darasa linaanza kubishana. Nusu yao nyumbani husema Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, sokoni Kiswahili, na Kifaransa wanakikuta hapa tu. Mwalimu anawaacha wabishane kwa Kiswahili, kisha anawapa neno la Kifaransa likiwa tayari na nyama yake. Kanuni inapoandikwa ubaoni, watoto wanaitambua.

Hilo mtu hazaliwi nalo. Linafundishwa, na linafundishwa hasa katika saa ya kritiki, baada ya somo, wanafunzi wenzako na profesa wakikaa kukuchambua. Watakuambia ubao uliugawanya vibaya. Watakuambia kila swali ulilitupa kwa watoto wa dawati la mbele. Watakuambia ulitaja jina la mtoto kwanza, kisha swali, na hivyo wengine wote wakapumzika. Uliza swali, nyamaza, wacha kila mtu afikiri, ndipo utaje jina. Ni mambo madogo, tena yanaudhi kuyasikia mbele ya watu. Yakubali. Vyuo vya ualimu vina shule zao za mazoezi, kama EDAP ya ISP-Bukavu, zenye walimu waliozoea kupokea wanastaji. Ukipata nafasi humo, nenda. Lakini omba pia, kama kanuni za chuo chako zinaruhusu, sehemu ya staji uifanye kwenu, katika shule unayotarajia kufanya kazi. Sababu ni mbili. Kwanza, darasa la mjini lenye vitabu si darasa la Katoyi. Pili, prefe akishakuona ukifanya kazi, barua yako ya kuomba kazi itakapofika haitakuwa ya mgeni. Mazungumzo hubadilika kabisa.

"Prefe, mimi ni lisansie wa uchumi, natafuta vipindi."

"Karibu, mdogo wangu. Lisansie ninao wanne. Agregasyo unayo?"

Ndivyo inavyokwenda. Katika orodha za watumishi wa shule kila mwalimu ana alama ya diploma yake: D6, G3 kwa gradua, L2 kwa lisansi, na LA kwa aliye lisansie agreje. Inspekta akifika na kukuta darasa la nne la humanite linafundishwa na mtu asiye na ualimu, anaandika. Prefe mwerevu hataki kuandikwa.

Hata hivyo, msidanganywe kuhusu mshahara. Agregasyo haikupi mshahara. Kinachokupa mshahara ni kumekanizwa: jina lako kuingia katika orodha ya malipo ya Serikali, iliyoshikwa kwa miaka mingi na SECOPE na sasa na DINACOPE. Kuna walimu wenye kila karatasi waliofundisha miaka bila kulipwa na Serikali, wakila primi ya wazazi. Na kwenye sekondari jambo hili ni zito kuliko kwenye msingi, maana ubure wa 2019 ulihusu shule ya msingi. Sekondari mzazi bado anachangia. Mzazi akikimbia vita, primi inakimbia naye. Kabla ya kukubali nafasi, muulize prefe kwa heshima lakini bila kuzunguka: shule hii imekubaliwa na kumekanizwa? Nafasi unayonipa ni ya mwalimu aliyekuwa akilipwa ambaye amehama au amefariki, au ni nafasi mpya? Kuingia mahali pa mwalimu aliyekuwa na namba huwa na matumaini ya karibu. Nafasi mpya inaweza kukuweka kwenye foleni muda mrefu. Na primi ya shule hii ni kiasi gani, inatolewa kila mwezi au wazazi wakivuna? Prefe mwaminifu hatachukia maswali haya.

Juu ya hayo, vita. Masisi-kati iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, na Machi M23 wakafika hadi Walikale-kati kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Benki za Goma zilifungwa, na hata walimu waliokuwa na namba zao wakahangaika kuupata mshahara. Kambi za Bulengo na Lushagala, zilizokuwa zimejaa watu wa Masisi, ziliondolewa Februari. Mwanafunzi anayepanga miaka mitatu au minne mbele katika hali hiyo anaweza kuonekana mwendawazimu. Mimi simwoni hivyo, ila namwomba apange kwa vipande vifupi.

Maana yake ni nini kwa vitendo? Kila mwaka unaomaliza, chukua karatasi yake mwaka huohuo: atestasyo ya kufaulu, orodha ya alama, borderou za malipo, atestasyo ya staji yenye mhuri na sahihi. Wengi husubiri kuchukua kila kitu pamoja na diploma, na wakija wanakuta sekretari amehama, ofisi imefungwa au faili limepotea. Zipige picha mbele na nyuma, jitumie kwenye barua pepe, mpelekee ndugu aliye Kampala, Kisangani au Bujumbura. Diploma ya Serikali usiitembeze ya asili. Toa nakala iliyothibitishwa. Mtu aliyekimbia akiwa na picha za alama zake kwenye simu ana mahali pa kuanzia katika chuo kingine. Aliyekimbia bila kitu anaanza na kujieleza.

Na usilipe mwaka mzima kwa mkupuo kama chuo kinakubali kwa awamu.

Kwa yule mwalimu wa D6 niliyemwahidi. Mwalimu, heshima yako. Jambo la kwanza: usiiache nafasi yako ya kulipwa kwa ajili ya kwenda kusoma, hata kama mshahara unakukera. Namba ile ikipotea ni kazi ngumu kuirudisha. Tafuta chuo chenye vakasyo ya jioni au ratiba ya likizo, na kama upo mbali mno na mji, zungumza na direkta na mshauri wa shule za kanisa lenu uhamishiwe shule iliyo karibu na barabara. Upande wa Sake, kwa mfano, uko takribani kilomita 25 kutoka Goma. Jambo la pili: chagua shahada inayokupandisha kutoka shule ya msingi kwenda sekondari au uongozi, yaani ile iliyo katika ukoo wa ualimu wako. Ukichukua sheria kwa sababu jirani amechukua sheria, utamaliza ukiwa na karatasi isiyoungana na ile ya kwanza, na utabaki darasa la nne la msingi ukiwa mwanasheria wa jina tu.

Kwa wasichana nina neno moja mbele ya wazazi wao. Nyumba nyingi za huku zikipungukiwa pesa, kwanza husimamisha masomo ya binti. Agregasyo kwake ina thamani zaidi kuliko kwa kaka yake, kwa sababu shule ni mahali pa kazi anapoweza kuajiriwa hata akiolewa kijiji kingine, na sekondari za Masisi na Walikale zina walimu wanawake wachache mno. Kama lazima mmoja aongezewe mwaka, fikirieni hilo kabla ya kujibu kwa mazoea.

Wapo wanaouliza kuhusu kusoma nje. Tanzania ina utaratibu mzuri: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada za sanaa na za sayansi zenye ualimu ndani yake, mwanafunzi anasoma masomo mawili ya kufundishia pamoja na elimu, na kutoka na shahada moja. Kenya na Uganda nako aliyemaliza shahada nyingine huweza kuongeza diploma ya uzamili ya elimu. Ni njia halali. Lakini ukirudi Kongo utahitaji wizara iitambue diploma hiyo kuwa sawa na ya hapa, na masomo yale uliyasoma kwa Kiingereza wakati darasa utakaloingia ni la Kifaransa. Ukienda, nenda ukilijua hilo.

Kwenu maprefe na wasimamizi wa shule za makanisa: mwanastaji akibisha hodi, mpokeeni, mpeni darasa halisi na mwalimu wa kumsimamia, na akimaliza mtilieni sahihi siku ileile bila kumdai soda. Mnalalamika kwamba hamna walimu wa kemia. Mmoja wao ni huyo aliyesimama mlangoni.

Na wewe uliye mwaka wa pili au wa tatu, usisubiri tangazo libandikwe ukutani. Nenda kwa sekretari wa fakilte yako wiki hii, umuulize agregasyo inafunguliwa lini, inagharimu kiasi gani, na kama inapokea watu wa mwaka wako. Ukingoja hadi memuari ikamilike, umepoteza mwaka mzima.